Mkubwa Alieleza, Mdogo Alidai

Kwa miaka minne nilikuwa katibu wa baraza la wazee katika usharika mmoja wa mjini, hapa mwambao wa Tanga. Kazi ya katibu inajulikana: kuandika mahudhurio, kuandika kilichosemwa, kusoma muhtasari katika kikao kinachofuata na kuuliza kama kuna marekebisho. Kwa kawaida hakuna.

Jumamosi moja, wiki moja baada ya sikukuu ya mavuno, mama anayefagia kanisa aliomba kuingia kikaoni. Alifungua pindo la kanga akatoa bahasha nne za ahadi, zile ambazo washarika hutia sadaka waliyoahidi. Zilikuwa zimechanwa upande mmoja, tupu, na namba za washarika zilisomeka vizuri juu yake. Alisema alizikuta kwenye ndoo ya taka ofisini Jumapili ile ya mavuno, saa tisa alasiri. Hesabu ya sadaka siku ile iliahirishwa hadi Jumatatu kwa sababu ya mvua, kwa hiyo saa tisa Jumapili hapakutakiwa kuwa na bahasha hata moja iliyofunguliwa. Akamtaja mzee wa kanisa aliyekuwa na ufunguo. Mzee mwenyewe alikuwepo, amekaa kiti cha pili kutoka kwa mwenyekiti. Mama alizungumza akiwa amesimama karibu na mlango, maana hakuna aliyemwambia akae. Mimi pia sikumwambia.

Suala lake liliingizwa kwenye agenda ya mwisho, ile tunayoiita "Mengineyo", likachukua dakika chache. Nilichoandika ni hiki: "Mama mhudumu wa usafi alidai kuona bahasha zilizofunguliwa. Mzee wa kanisa alieleza kuwa bahasha hizo ni za mwaka jana. Baraza lilipokea maelezo hayo na kumshauri mama afuate utaratibu." Mwaka ulikuwa umechapwa nyuma ya kila bahasha. Hakuna aliyezigeuza. Tukafunga kwa sala.

Miezi mitatu baadaye, katika mkutano mkuu wa usharika, alisimama msharika mpya, mhasibu wa benki aliyekuwa amehamia kwetu mwaka huohuo. Akauliza kwa nini ahadi nne za mavuno hazionekani kwenye taarifa ya mapato. Mwenyekiti alimshukuru kwa umakini wake na kamati ya watu watatu ikaundwa wiki hiyohiyo. Namba alizozitaja ni zilezile nne. Yeye hakuwa na bahasha mkononi, alikuwa na jedwali tu alilolichapa mwenyewe nyumbani. Kamati ilifanya kazi yake, na mzee akapumzishwa, tukaambiwa, kwa sababu za kiafya.

Nimelifikiria tukio hili kwa muda mrefu kwa sababu ni jaribio safi kuliko mengi ninayoyajua. Jambo lilikuwa moja na namba zilikuwa zilezile, na aliyekuja na ushahidi mzito zaidi ni yule aliyekataliwa. Kilichobadilika ni mdomo uliotoa maneno. Na mkono wangu mimi ndio uliochagua vitenzi. Mkubwa "alieleza", mdogo "alidai". Lugha yetu ina vitenzi vingi vya kusema, na anayeandika muhtasari hutoa hukumu kabla kikao hakijatoa. Mtu "akifafanua" ameshaaminiwa. Mtu "akilalamika" ameshageuzwa kuwa yeye ndiye tatizo.

Ni rahisi kusema kwamba watu wa dini wanawaogopa wakubwa wao. Sidhani kama hofu ndiyo mzizi. Yule mzee alikuwa amemzika baba wa mwenyekiti. Alikesha hospitali na mjumbe mwingine mtoto wake alipolazwa. Mimi mwenyewe alinisimamia kwenye ndoa yangu. Katika jumuiya ya dini kiongozi huwa pale ambapo mtu ni dhaifu kabisa: kwenye msiba, kwenye ugonjwa, siku ya kubatizwa mtoto, usiku wa hitima. Deni la namna hiyo halilipiki, na mtu anayedaiwa hivyo hawezi kukaa akapima maneno ya mdai wake kwa mizani iliyo sawa. Tulimwamini mzee kwa shukrani. Shukrani ni kitu kizuri, na ndiyo sababu inapofusha kwa urahisi kuliko hofu. Mtu aliyeogopa hujua moyoni kwamba ameogopa, lakini aliyeamini kwa shukrani huenda nyumbani akijiona ametenda haki.

Kuna jingine, la kikazi zaidi. Kumwamini mama yule kungetulazimisha kufanya jambo: kugeuza bahasha, kuita wenye namba, kumwomba mzee atoke nje tujadili. Kumwamini mzee hakukutulazimisha lolote zaidi ya kusema amina. Cheo hakiongezi ukweli wa neno, kinaongeza gharama ya kulikataa. Baraza letu halikupima nani anasema kweli. Lilipima ni neno la nani litatuachia kazi.

Usharika wetu ulipoteza pesa kidogo. Kwingineko kilichopotea ni watu.

Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa tangu Aprili 2023. Waliokufa walikuwa wafuasi wa kanisa la Good News International lililoongozwa na Paul Mackenzie, na wengi wao, kwa mujibu wa upande wa mashtaka, walikufa kwa kufunga bila kula wakiamini watakutana na Yesu. Mackenzie amekana mashtaka. Mambo ya mahakama tuyaachie mahakama. Ninachotaka kukitazama ni miaka iliyotangulia. Mackenzie alianzisha kanisa lake Malindi mwaka 2003. Mwaka 2017 alikamatwa kwa mahubiri yaliyowatoa watoto shuleni, na hakufungwa. Mwaka 2019 alifunga kanisa la mjini akahamia msituni na watu wakamfuata. Machi 2023 alikamatwa tena kuhusu watoto waliodaiwa kufa kwa njaa, akaachiwa kwa dhamana, na ni Aprili tu ndipo polisi walipoingia msituni kwa nguvu na kukuta makaburi.

Baadaye kamati maalumu ya Seneti ya Kenya iliyoongozwa na Danson Mungatana, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, kila moja kwa wakati wake, zilieleza jinsi taarifa zilivyofika kwa vyombo vya dola na kupuuzwa. Waliopeleka taarifa hizo walikuwa ndugu wa waliopotea na watu waliokuwa wameacha lile kanisa. Tafakari vyeo vyao. Upande mmoja kuna mchungaji, mtu mwenye cheti cha usajili wa kanisa, mwenye mahubiri kwenye televisheni. Upande mwingine kuna bibi aliyetoka kijijini akiuliza habari za wajukuu, au kijana aliyeasi kanisa, ambaye kwa kuondoka tu amejivua haki ya kusikilizwa. Mtu aliyetoka kwenye kikundi cha dini ndiye anayejua zaidi kinachofanyika ndani, na ndiye anayeaminiwa kidogo zaidi, kwa sababu waliobaki wanasema ana kinyongo na walio nje wanasema alikuwa mjinga tangu mwanzo. Pande zote mbili zinamnyamazisha bila kuhitaji kupatana.

Kisha likatokea lile ambalo hadi leo linanichoma. Juni 2023, watu 65 miongoni mwa waliookolewa Shakahola, waliokataa kula, walifikishwa mahakamani kwa shtaka la kujaribu kujiua. Miaka yote watu walipowasemea hawakusikilizwa. Walipopatikana hai, maneno ya kwanza ya dola kwao yalikuwa hati ya mashtaka. Na mwaka 2025 miili mingine ilifukuliwa Kwa Binzaro, katika kaunti hiyohiyo.

Msomaji wa mjini anaweza kusema hayo ni mambo ya watu maskini na makanisa ya vichochoroni, na kwamba kwenye dini zenye taratibu, kumbukumbu na wasomi hayatokei. Mwezi Novemba 2020 Vatikani ilitoa ripoti ya kurasa zaidi ya 400 kuhusu Theodore McCarrick, kardinali wa Marekani aliyevuliwa upadri mwaka 2019 baada ya kukutwa na hatia ya kuwanyanyasa kingono watoto na watu wazima. Ndani ya ripoti hiyo yumo mama mmoja, jina lake limefichwa. Katikati ya miaka ya 1980 alimwona McCarrick, askofu na rafiki wa familia, akiwashika watoto wake wa kiume kwa namna isiyostahili, palepale nyumbani kwake. Akawaandikia barua makardinali wa Marekani na balozi wa Papa. Hakuweka jina, kwa sababu alijua askofu ni nani na yeye ni nani. Waandishi wa ripoti walizitafuta barua hizo kwenye kumbukumbu za kanisa, hawakupata hata moja.

Mwaka 1999 Kardinali John O'Connor wa New York aliandika kuonya kwamba McCarrick asipandishwe. Huyo hakuwa mama wa nyumbani, na onyo lake lilizuia mambo kwa muda. Lakini Agosti 2000 McCarrick mwenyewe aliandika barua kwa katibu wa Papa Yohane Paulo II, akikana kwamba amewahi kulala na mtu yeyote maishani mwake. Papa alimwamini. Kabla mwaka haujaisha McCarrick alikuwa ameteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Washington, na Februari 2001 akawa kardinali. Ripoti inatoa sababu moja ya kibinadamu sana: Papa alitoka Poland, ambako utawala wa kikomunisti ulikuwa ukiwazushia maaskofu kashfa ili kuwavunja. Alikuwa na sababu ya kweli ya kushuku tuhuma. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu tukidhani wanaokosea kuamini huwa wabaya au wapumbavu, hatutajikagua sisi wenyewe. Kila jumuiya ya dini ina kumbukumbu ya siku iliyoonewa, na kumbukumbu hiyo hugeuka ngao ya wakubwa wake. Waislamu wa Afrika Mashariki wanayo yao, Wapentekoste wanayo yao. Akituhumiwa kiongozi, jibu la kwanza ni kwamba tunapigwa vita.

Hapa Afrika kuna kisa kinachopaswa kujulikana zaidi. Mwaka 1994 Sista Maura O'Donohue, mtawa na daktari aliyekuwa akishughulikia ukimwi, alipeleka Vatikani ripoti kuhusu mapadri waliokuwa wakiwanyanyasa watawa wa kike, akitaja nchi 23, nyingi za habari hizo zikitoka barani kwetu. Ukimwi ulipoenea, aliandika, baadhi ya mapadri waliwaona masista kuwa ni "salama". Humo mna habari ya shirika moja la masista wa jimbo: wakuu wake walimlalamikia askofu kwamba masista 29 wamepewa mimba na mapadri wa jimbo. Askofu akawaondoa wakuu hao madarakani. Mwaka 1998 mtawa mwingine, Marie McDonald, naye aliandika ripoti yake. Mambo yalifika magazetini mwaka 2001. Papa Fransisko alikiri hadharani kwamba tatizo lipo Februari 2019, miaka 25 baada ya ripoti ya kwanza.

Tazama ngazi zilivyo. Masista wenyewe hawakusikika. Wakuu wao walisikika wakaadhibiwa. Alihitajika daktari kutoka Ulaya ili maneno yafike Roma, na yalipofika yakalala kabatini. Mtu anayeanza ngazi ya chini kabisa hana budi kuazima mdomo wa aliye juu yake, na huyo aazime wa mwingine, na kila anayeazimwa hupunguza makali kidogo kwa kulinda nafasi yake.

Maandiko yanatumikaje katika haya? Makanisani mwetu, kiongozi akiguswa, aya haichelewi: "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Zaburi ya 105. Nimeisikia ikisomwa kwenye vikao, kwenye redio, kwenye kaburi. Sijawahi kusikia anayeinukuu akisoma mistari mitatu inayotangulia. Zaburi inawazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache na wageni, wakitangatanga taifa hadi taifa bila ardhi wala jeshi, na Mungu akawakemea wafalme kwa ajili yao. Wafalme ndio wanaoambiwa wasiguse. Masihi, yaani mpakwa mafuta, wa aya hiyo ni mkimbizi. Tumeichukua ngao ya wanyonge tukamvika mwenye gari na walinzi.

Upande wa misikiti kuna msemo kwamba nyama za maulamaa zina sumu, yaani anayewasengenya wanazuoni anakula sumu. Kama onyo dhidi ya utovu wa adabu, sawa. Lakini mzazi ambaye mwanawe amerudi kutoka madrasa na alama mgongoni, au na jambo zito kuliko alama, huambiwa msemo huohuo, kisha huambiwa asitiri aibu ya Muislamu mwenzake, kisha huambiwa hiyo ni ghiba, yaani kusengenya. Imamu Nawawi, ambaye vitabu vyake vinasomeshwa hapa mwambao tangu enzi za mababu, ametaja hali sita ambazo kumtaja mtu kwa ubaya kunaruhusiwa, na ya kwanza kabisa ni aliyedhulumiwa kumshtaki aliyemdhulumu kwa mwenye mamlaka. Na Qurani, Sura An-Nisaa aya ya 148, inasema Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Mlango upo. Tunaoufunga ni sisi.

Kinachonishangaza ni kwamba dini hizi hizi zilijenga mbinu kali za kutenganisha cheo cha mtu na uzito wa habari yake. Wanazuoni wa hadithi, yaani habari za maneno na matendo ya Mtume Muhammad, hawakuridhika na kwamba msimulizi ni mcha Mungu. Yahya bin Said al-Qattan amenukuliwa na Imamu Muslim mwanzoni mwa Sahihi, kitabu chake cha hadithi, akisema hawakuwaona watu wema wakisema uongo katika jambo lolote kama wanavyousema katika hadithi. Muslim akafafanua kwamba uongo huwapita kwenye ndimi zao bila kukusudia. Ali bin al-Madini, mkaguzi mkubwa wa wasimulizi wa karne ya tatu ya Hijria, aliulizwa juu ya baba yake mzazi, naye pia alikuwa msimulizi. Akajibu kwamba hii ni dini, na baba yangu ni dhaifu, yaani habari zake si za kutegemewa. Mtoto wa zama zile kumsema baba yake hivyo mbele ya watu si jambo dogo. Alilifanya kwa sababu alijua uchaji ni jambo moja na kuaminika kwa habari ni jambo jingine. Leo sheikh au mtume wa kanisa akileta habari tunauliza sala zake.

Sisemi kwamba wa chini hasikiki kabisa katika historia yetu. Bagamoyo walimsikia Sheikh Ramiya. Alizaliwa mashariki ya Kongo, akafikishwa pwani akiwa mtoto mtumwa, akanunuliwa na Mwarabu mwenye mali, na hadi anafariki mwaka 1931 alikuwa kiongozi mkubwa wa Qadiriyya, tarika ya Kisufi, mjini hapo, watu wakimjia kutoka mbali. Lamu nako, katika karne ya 19, Habib Saleh kutoka Ngazija, kisiwa cha Komoro, aliwafundisha dini watumwa na watu waliotoka utumwani, ambao wangwana wa mji hawakutaka kukaa nao darasa moja. Wangwana walichukia, naye hakuacha, na Msikiti wa Riyadha unasimama hadi leo. Lakini ukivitazama visa hivi kwa karibu, utaona cheo hakikuondoka. Ramiya alisikika baada ya kupata elimu ya Kiarabu na ijaza, ile idhini ya kufundisha ya tarika, yaani baada ya kuvuka. Habib Saleh aliweza kuwakaidi wangwana kwa sababu alikuwa sharifu, na hakuna mngwana wa Lamu aliyekuwa na nasaba ya kumnyamazisha mtu wa uzao wa Mtume. Alitumia cheo chake kuwafungulia wengine mlango, na ninamheshimu kwa hilo. Swali langu ni la yule ambaye hajapata elimu, hana nasaba, hatavuka, na bado alichokiona ni kweli.

Kuna pingamizi ambalo silidharau: kwamba tukianza kuwaamini wadogo dhidi ya wakubwa, kila mwenye chuki atamzulia mchungaji au ustadhi, na jina la mtu likichafuka halioshwi. Ni kweli watu huzushiwa. Lakini angalia visa viwili vya uzushi ambavyo kila mmoja wetu anavijua, na uone nani alimzushia nani.

Katika Danieli sura ya 13, ile ambayo Wakatoliki huisoma kila Kwaresima, Susana anashtakiwa uzinzi na wazee wawili waliokuwa waamuzi mwaka huo. Kusanyiko liliwaamini, na andiko linatoa sababu wazi: kwa kuwa walikuwa wazee wa watu na waamuzi. Akahukumiwa kufa. Kijana Danieli hakuomba aaminiwe Susana kwa machozi yake. Aliwatenga wale wazee, akamuuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja akataja mti huu, mwingine akataja ule. Ni swali dogo la nje ya dini kabisa, la mtu anayetaka kujua kama ulikuwepo. Lingeweza kuulizwa asubuhi ile na yeyote. Heshima ndiyo iliyolizuia.

Na katika Sura Yusuf, bibi wa nyumba anamtuhumu mtumwa. Shahidi wa jamaa ya yule bibi anasema itazameni kanzu: ikiwa imechanwa mbele, bibi ni mkweli, na ikiwa imechanwa nyuma, kijana ni mkweli. Imechanwa nyuma. Mume anaona, anakiri kwamba ni vitimbi vya wanawake, anamwambia Yusuf aachane na hayo. Tafsiri nyingi za mimbarini huishia hapo. Lakini aya ya 35 inasema kwamba baada ya kuziona dalili zote, waliona bora wamtie gerezani kwa muda. Walijua, na wakamfunga anayejulikana kuwa hana hatia kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa rahisi kufungwa. Hapa ndipo nadhani watu wengi wanaoandika juu ya mambo haya wanakosea, wanapodhani shida ni kukosa ushahidi. Ushahidi ukipatikana bado kuna hesabu nyingine, ya nani ataumia kwa gharama ndogo.

Kwa hiyo simwombei mdogo aaminiwe kwa udogo wake. Naomba aulizwe maswali yaleyale, na mkubwa aulizwe vilevile, kila mmoja peke yake, na asiyehusika. Hapo kwenye asiyehusika ndipo taratibu zetu nyingi zinapoanguka. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa sheria ya Vos estis lux mundi, ikazitaka dayosisi ziwe na njia ya watu kupeleka taarifa za unyanyasaji, na mwaka 2023 ikafanywa ya kudumu. Ni hatua, nami naipokea. Ila tuhuma dhidi ya askofu kwa kawaida inapelekwa kwa askofu mkuu wa kanda, mtu aliyekula naye mezani miaka mingi. Kwetu Waprotestanti mama mfagiaji anaambiwa apeleke malalamiko kwa mzee wa mtaa wake. Kwa makanisa ya mtume mmoja hakuna hata huyo, mlalamikiwa ndiye katiba. Kwenye misikiti mingi ya mitaani kamati huteuliwa na yule anayefadhili. Msikilizaji anayeishi kwa hisani ya mshtakiwa hawezi kumuuliza habari ya mti.

Na makatibu tubadilishe vitenzi. Najua ni jambo dogo. Tuandike "alisema" kwa kila mtu, mkubwa na mdogo, kisha tuandike kama alileta kitu mkononi na kama kuna aliyekitazama.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa yule mama. Hafagii tena kanisa, miguu imechoka. Nilimkuta uani anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, vuta kigoda."

Nikamweleza kwamba ile kamati ilikuta bahasha zilikuwa za mwaka uleule, na kwamba mzee hakuondoka kwa maradhi. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia. Hakuinua macho. Alitoa kijiwe kwenye ungo akakiweka pembeni, akatoa kingine.

"Na zile bahasha zangu?" akauliza. "Niliziacha mezani kwenu. Mnazo?"

Nilipekua faili lote jioni ile. Hazimo.